Bi Kanga na Kazi ya Kutunga Shanga

Zamani, wala si zamani sana kwa kuwa wanyama walikuwa tayari wana simu, kiangazi kiliikausha mbuga ya Nyambogo mpaka hata kupe wakakonda. Kila mwenye miguu alihama kutafuta malisho. Bi Kanga, ndege wa madoadoa na maneno mengi, hakuweza kuhama. Alikuwa akiatamia mayai tisa chini ya kichaka cha miiba, na mumewe aliyekwenda kutafuta maji hakuwa amerudi.

Akiba yake ilikuwa vibuyu viwili vya mtama aliowawekea vifaranga. Yeye mwenyewe alijinyima, akadonoa mchwa waliopotea njia. Aliogopa jambo moja tu: vifaranga watoke, wafungue midomo, na yeye asiwe na cha kutia.

Asubuhi moja simu ikalia. Ujumbe ulikuja na picha ya Simba amevaa miwani:

"HONGERA MPENDWA! Umechaguliwa miongoni mwa wengi. Kazi ya kutunga shanga, unafanya ukiwa umekaa nyumbani kwako. Ujira gunia la mtama kila wiki. Weka kibuyu kimoja cha usajili nyuma ya kichuguu kikubwa. Zimebaki nafasi mbili, mwisho leo. Usimwambie mtu, wenye wivu ni wengi."

Bi Kanga aliusoma mara nne. Kazi ya kukaa! Kama kulikuwa na kitu alichokijua vizuri siku hizo, ni kukaa. Tena kachaguliwa miongoni mwa wengi, yeye ambaye hata mumewe alimposa baada ya kukataliwa na wengine wawili. Hakujiuliza huyo aliyemchagua alimjulia wapi. Alikimbia na kibuyu, akarudi mbio kabla mayai hayajapoa.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: "Kimebaki kibuyu cha bima ya shanga. Shanga zetu ni za kifalme." Alisita, lakini akajiambia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kibuyu cha pili kikaenda.

Siku ya tatu: "Hatua ya mwisho! Ili tuthibitishe uaminifu wako, leta yai moja. Utarudishiwa."

Bi Kanga alilia kwa sauti. Kibaya zaidi, huku akilia alikuwa ameanza kuyatazama mayai, akitafuta lililo dogo.

Sungura, mjanja wa mbuga nzima na rafiki wa mumewe, alikuwa anapita. "Shemeji, msiba wa nani huo, mbona sijasikia harufu ya pilau?"

Bi Kanga akaificha simu chini ya bawa. "Ni siri ya kampuni."

"Kampuni gani?"

"Ya Mfalme. Inatunga shanga."

"Simba atunge shanga? Kwa makucha yale?"

Hapo Bi Kanga akaitoa simu. Sungura alisoma akicheka, lakini alipomwona shemeji yake uso umemsawajika, akaketi kando yake.

"Shemeji, umeona wapi tajiri analishwa na kibarua? Kazi ndiyo inayokulipa. Ukiona wewe ndiye unayeilipa, hapo hakuna kazi."

"Lakini waliniita mpendwa."

"Na mumeo hajakuita hivyo tangu lini? Ndiyo maana wamekupata."

Bi Kanga alikasirika, kisha haya zikamshika, maana ilikuwa kweli.

"Ungemuuliza Simba mwenyewe," Sungura akaendelea kwa upole. "Au ungeniuliza mimi. Wakikwambia usimwambie mtu, ndiyo saa ya kumwambia mtu."

Akaenda kuchungulia nyuma ya kichuguu, akarudi ametabasamu. "Nyayo za Fisi zimejaa pale. Anataka kubadilisha mtama wako na nyama. Fisi hali mtama, ila hajawahi kuacha kitu kwa sababu hiyo."

Akatoa simu yake, akaandika kwa namba ileile: "HONGERA MPENDWA! Umechaguliwa kulinda ghala la mifupa minono. Kazi unafanya ukiwa umelala. Weka vibuyu viwili vya mtama vya usajili nyuma ya kichuguu kikubwa. Imebaki nafasi moja. Kisha nenda kwa Simba, umwonyeshe simu yako, uanze kazi leo leo."

"Hawezi kunasa," Bi Kanga akasema. "Hayo ni maneno yake mwenyewe! Hata kichuguu ni kilekile!"

"Shemeji, huko hajafika. Bado yuko kwenye mifupa."

Na kweli, hata kivuli hakijasogea, Fisi akatokea akitimua vumbi, mate yanamdondoka, vibuyu viwili vinaning'inia shingoni. Akaviweka, akapiga mbio kuelekea pangoni kwa Simba. Bi Kanga alimtazama kutoka kichakani. Alijiona yeye mwenyewe juzi, alivyokimbia vilevile, akacheka huku machozi yanamtoka.

Haukupita muda, mbuga ikatetemeka.

"NANI KANIVISHA MIWANI?"

Simba angeweza kusamehe wizi, kwani na yeye si malaika. Lakini kuonekana haoni mbali! Alizisoma jumbe zote za Fisi moja baada ya nyingine, akinguruma.

"Mfalme, mimi nimekuja kuanza kazi tu," Fisi alisema akirudi nyuma.

"Umeipata," Simba akamjibu. "Utachimba kisima kwenye mto mkavu, wanywe wote uliowaonea. Na hutoki humo mpaka maji yapatikane."

Mayai yote tisa yalianguliwa. Mtama aliorudishiwa na Sungura ulitosha, na siku Bi Kanga alipowapeleka vifaranga ukingoni mwa lile shimo, maji yalikuwa yameanza kuchimbuka. Chini kabisa alionekana mtu wa matope, akihema.

"Mama, yule ameanguka?" kifaranga mmoja akauliza.

"Hapana, mwanangu," Bi Kanga akasema. "Hakuna aliyemsukuma."

Ndiyo maana wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.