Bi Ngedere na Sahani za Bi Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jiko la mafiga matatu, chungu juu, watoto kando!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walikuwa na Sikukuu ya Siku Saba. Ilikuja baada ya mavuno, kabla mvua kubwa hazijaanza. Ee, sikukuu za siku hizo! Kila nyumba ilinukia iliki, na mlango ulikuwa wazi kutwa. Desturi yao ilikuwa moja: sahani ya sikukuu huikatai, na kumrudishia mwenyewe ikiwa tupu ni aibu.

Kando ya mto aliishi Bi Ngedere na watoto wake watatu. Mkubwa Koroma, wa kati Dafu, na kitindamimba Kidaka. Bi Ngedere alikuwa msusi. Sikukuu ikifika hapumui. Bi Punda Milia anataka singa zisukwe, Bi Nyumbu anataka ndevu zisukwe, Bi Twiga anataka mkia, na kila mmoja anasema, "Nianze mimi, nina haraka."

Sasa sikilizeni. Siku ya nane, sikukuu ikiisha, ngedere wote huvuka kwenda ng'ambo kwenye kilima, kwa sababu mvua zikianza bonde lote hujaa maji. Daraja hakuna. Unapanda mkuyu wa huku, unaruka, unadaka mkwaju wa kule. Tawi la mkwaju ni jembamba, halibebi wawili. Kila mmoja huruka mwenyewe. Na mwaka huo ndio Kidaka angeruka kwa mara ya kwanza. Mama yake akilifikiria tawi lile, moyo ulimwenda mbio.

Siku ya kwanza ya sikukuu wateja walijaa uani tangu alfajiri. Bi Ngedere akasuka, akasuka, akasuka. Mchana ukaingia, jiko bado baridi.

"Hodi, shoga!"

Alikuwa Bi Fisi, na sahani kichwani.

"Karibu, shoga."

"Nimewaletea wanangu kaimati. Shira imekolea hasa!"

"Ahsante sana. Hata uji sijakoroga, nimebanwa mno. Ngoja basi nitafute cha kutia kwenye sahani yako."

"Haraka ya nini? Utanirudishia siku ya kuvuka, pale chini ya mkuyu. Sikukuu ni mara moja kwa mwaka, shoga. Jiko lipumzike!"

Bi Ngedere akashukuru, akarudi kwenye kusuka. Watoto wakala kaimati, wakashiba.

Siku ya pili Bi Fisi akaja na visheti. "Jiko lipumzike, shoga!" Watoto wakala visheti. Siku ya tatu akaja na halua. "Jiko lipumzike, shoga!" Watoto wakala halua mchana, wakala halua jioni, wakalamba na sahani.

Mnadhani ni ukarimu? Subutu! Bi Fisi akirudi kwake alikuwa akiimba njiani:

Kuleni, wanangu, kuleni,
tumbo lijae, mguu ulegee,
siku ya kuvuka nipo chini,
sahani yangu nijazieni!

Siku ya nne asubuhi Kidaka alitaka kucheza kwenye tawi la uani, tawi la chini kabisa. Akaruka. Akaanguka, pu! Akaruka tena. Pu! Mara ya tatu hakuruka. Akakaa chini, ameshika tumbo, analia.

"Mama, miguu haina nguvu."

Bi Ngedere akaziacha ndevu za Bi Nyumbu nusu, akamkimbilia. Akamshika miguu, imelegea. Akawatazama Koroma na Dafu, nao wamejilaza kivulini, macho mazito. Siku ya kuvuka zilibaki siku nne tu. Hofu ikamwingia. Mwanawe akiruka hivi, anaishia mtoni.

Na hapo, katikati ya hofu, akamkumbuka bibi yake.

Bibi naye alikuwa msusi, na nyumba yake ilijaa watu kuliko hii. Lakini kila mkesha wa sikukuu aliwakalisha wajukuu jamvini, akachana vipande saba vya ukindu wa kusukia mikeka. "Kila kipande siku moja," alisema. "Haya, siku ya kwanza tunakula nini?" Kila mjukuu akichagua. Asubuhi uji wa mtama, hatoki mtu na tumbo tupu kwenda kwa watu. Kunde aliziroweka wakienda kuwaamkia wakubwa, wakirudi ziko motoni zinachemka. Tamutamu zilikuwepo, tena nyingi, ila zililiwa baada ya chakula, kipande kimoja kimoja.

Wao wajukuu walimcheka. Walimwita mchoyo, yeye akacheka nao. Bi Ngedere alikumbuka harufu ya zile kunde na mikono ile yenye mafuta ya nywele ikipakua. Akatamani siku moja tu ya zile irudi, aombe radhi. Akafuta machozi, akainuka.

Akachana vipande vinne vya ukindu.

"Njooni hapa. Siku zilizobaki ni nne. Koroma, siku yako unachagua nini?"

"Viazi vitamu na mchicha."

"Dafu?"

"Kunde za nazi."

"Kidaka?"

"Halua!"

"Halua tutakula, baba, ila juu ya chakula. Chakula chenyewe kipi?"

Kidaka akafikiri sana. "Basi mahindi mabichi. Na papai."

"Na siku ya mwisho nachagua mimi. Kisamvu."

Kisha akatoka uani, akawaambia wateja, "Wenzangu, kusuka ni baada ya uji wa watoto. Anayesubiri asikae bure, mchicha ule pale, achambue."

"Mimi mgeni nichambue mchicha siku ya sikukuu?" alinung'unika Bi Nyumbu, ndevu nusu zimesukwa, nusu zimetimka. Lakini angekwenda wapi na ndevu vile? Akachambua.

Adhuhuri, Bi Fisi huyo, na sahani ya kashata. Bi Ngedere akaipokea kwa mikono miwili, maana sahani ya sikukuu haikataliwi. Akaingia ndani, akatoka na sahani zote nne zimejaa viazi na mchicha, zinafuka moshi.

"Sahani zako, shoga."

"Lakini si tulisema siku ya kuvuka?"

"Sikukuu ni mara moja kwa mwaka, shoga. Jiko lako nalo lipumzike!"

Bi Fisi akanyoosha mikono. Akazibeba. Njiani akaumwaga mchicha wote, akaenda kwake kumalizia sinia la halua aliyopika. Akala siku hiyo, akala kesho yake, akala na keshokutwa.

Siku ya nane mawingu yalikuwa yametanda. Bi Ngedere akatangulia kuvuka, akawageukia wanawe. Chini ya mkuyu akamwona Bi Fisi amesimama na sinia tupu, mate yanamtoka.

Koroma akaruka. Akadaka.

Dafu akaruka. Akadaka.

Kidaka akapanda, akasimama, akatazama chini. "Mama, naogopa!"

"Hata mimi naogopa," mama yake akasema, na ilikuwa kweli. "Ruka hivyo hivyo, baba."

Kidaka akaruka. Mkono wa kulia ukakosa. Bi Fisi akaona wakati ni huu, akaruka juu, kinywa wazi. Lakini tumbo la halua lilimvuta chini, akateleza kwenye tope, chubwi! Mto ukamchukua yeye na sinia lake. Na Kidaka? Mkono wa kushoto ulidaka. Tawi likayumba, likayumba, miguu ikapata nguvu ya kujivuta. Akapanda.

Bi Ngedere akamkumbatia, akalia bila kuona haya.

Jioni, juu ya kilima, alipokuwa akipakua, aliwasimulia habari za bibi yake. Hakuwa amewasimulia hata siku moja, kazi zilikuwa nyingi. Aliwaambia jina lake, Mwanasiti, na wimbo aliokuwa akiimba akisuka.

"Mama," Kidaka akauliza, "angetuona, angetupenda?"

Bi Ngedere akacheka, macho yamejaa machozi.

"Angewapenda sana. Ila kwanza angewauliza mmekula nini."

Basi, wanangu, hadithi hii inatufundisha kwamba sikukuu hupangwa pamoja na chakula cha watoto, na shughuli zikizidi ndipo mpango unapohitajika zaidi. Na mwenye bibi nyumbani, amuulize leo alikuwa akipika vipi.

Hadithi yangu imefika hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.