Kofia ya Aliyenirudishia Pumzi

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, dawa za pampu zilipokuwa zimekwisha kufika hata kwetu, palikuwa na mwanamke huko Pemba, jina lake Mize. Mize alijulikana kwa mambo mawili: mkono wa kudarizi kofia na kifua cha pumu. Mkono ulimpa sifa. Kifua kilimnyima usingizi.

Hospitali walimpa pampu mbili. Ya bluu ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia ya kila siku, kibane kisibane. Mize akavuta zote mbili kama alivyoambiwa. Lakini ile ya kahawia ikamwachia utandu mweupe kwenye ulimi. Siku moja yuko bombani na wenzake, akacheka, jirani akauona. Maji hayajajaa ndoo, mtaa umeshajaa minong'ono.

"Mmemwona ulimi? Ndio ugonjwa ule."

Mize akabeba ndoo yake. Alirudi nyumbani, akaizika pampu ya kahawia chini ya nyuzi, ndani ya kikapu chake cha kudarizia, asiiguse tena.

Utandu ukaondoka. Kifua kikachafuka. Sasa ikabidi avute ya bluu asubuhi, avute mchana, avute jioni. Nayo ya bluu ina lake: ikiingia mwilini, moyo unakwenda mbio na vidole vinatetemeka. Na kofia ni vitundu vidogo kama ufuta. Kidole kikitetemeka, kitundu kinapasuka. Akivuta dawa, pumzi inarudi, mkono unaharibika. Asipovuta, mkono unatulia, pumzi inakwenda. Mize akachagua mkono. Akawa anadarizi huku anahema, dawa iko pembeni, haigusi mpaka aone giza machoni.

Siku moja alichelewa kuivuta. Mumewe, Makame, muuza kahawa, alimkuta ameinamia kikapu, midomo imebadilika rangi. Wakamkimbiza hospitali, wakamwekea hewa ya mtungi. Aliporudiwa na sauti, Mize akaweka nadhiri, na wodi nzima ikasikia:

"Nikipona, nitadarizi kofia moja isiyo mfano, nimpe aliyenirudishia pumzi."

Aliyenirudishia. Alitaja mmoja. Hakusema walionirudishia.

Kesho yake akaja Faki, mdogo wake Makame. Faki na Mize ni mashemeji, na utani wao haukuwa na likizo. Alikuwa ametumwa kuleta kanga na kikapu, na njiani alikipekua kikapu akitafuta halua. Halua hakuipata. Akasimama katikati ya wodi, pampu ya kahawia juu mkononi.

"Haya, tazameni! Dawa ya shemeji yangu, mpya kama bibi harusi! Anakufa na dawa imo kapuni!"

Mize akajifunika kanga usoni. "Faki, umenivua nguo mbele za watu."

"Bora uone haya, shemeji, kuliko tukuoshe maiti." Na safari hii Faki hakucheka.

Tabibu Khatibu, yule aliyempa pampu zile, alikuwa akimtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, akayasikia yote. Akaja, akaketi, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini, Bi Mize?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mize akaeleza habari ya ulimi, habari ya bombani, habari ya vidole. Khatibu akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako, akapachika pampu ya kahawia.

"Vuta kwa humu, dawa iende kifuani, isikae mdomoni. Ukimaliza, sukutua, uteme. Ukiivuta hii kila siku, ile ya bluu utaihitaji mara chache, na mkono wako utatulia."

"Mbona siku ya kwanza hukuniambia?"

Khatibu akaigeuzageuza ile chupa. "Watu walikuwa wengi siku ile. Nilikosa, Bi Mize."

Mize akarudi nyumbani. Akavuta, akasukutua, akatema. Ulimi ukabaki safi. Vidole vikatulia. Akaanza kofia ya nadhiri, na siku moja akidarizi dirishani akasikia wanaume barazani wanamsuta mumewe.

"Makame, kahawa gani hii? Umetuletea maji ya kuoshea birika?"

"Ile yako ya kukaanga mwenyewe imekwenda wapi?"

Hapo ndipo Mize alipotambua kwamba uani hapakuwa na moshi tena. Makame alikuwa maarufu kwa kukaanga buni zake, na moshi wake ulikuwa ukiingia kifuani mwa Mize tangu siku ya harusi. Sasa alinunua kahawa ya dukani, ya unga, na wateja walikuwa wakimhama mmoja mmoja.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza usiku wakila.

"Moshi wangu, kifua chako. Nikuambie nini?"

Kofia ikafika mwisho. Kipande cha mduara cha juu tayari, kipande kirefu cha kuzunguka tayari. Lakini kofia haiungwi bila kupimwa kichwa cha mvaaji, na Idi ndiyo ile inakuja.

Faki akainamisha kichwa. "Pima hapa, shemeji. Nisingekuaibisha, dawa ingekuwa chini ya nyuzi mpaka leo, na wewe chini ya udongo. Nilikubali unichukie, kwa faida yako mwenyewe."

Khatibu, Mize alipokwenda kuchukua dawa, alisema, "Watu hunishukuru wakiwa mlangoni, wakifika njiani wamenisahau. Ni kweli hii ni kazi yangu. Lakini siri kutoka kapuni ni jambo moja. Nani aliyekufundisha kuvuta?"

Makame alipoulizwa akasema, "Mpe umtakaye." Kisha akanyanyua birika, akatoka kwenda kuwauzia watu wachache waliobaki.

Sasa Mize ameketi mkekani, vipande viwili mapajani, uzi wa kupimia mkononi. Aliyemwokoa ndiye aliyemwaibisha. Aliyemfundisha ndiye aliyesahau kumfundisha. Aliyemwondolea moshi ndiye aliyekuwa na moshi. Naye alimtaja mmoja mbele ya Mungu, wala hawezi kuipasua kofia mapande matatu.

Nyinyi mliosikiliza, mwambieni: uzi ule auzungushe kichwani mwa nani? Je, nani alistahili?