Moto wa Mezani

"Moto wa mezani haupandi darini." Mmemsikia Tumpale akimwambia mteja maneno hayo, mkacheka, sasa mnataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, tena ilianza na ujinga wangu mimi, kwa hiyo chekeni taratibu.

Mwaka ule karakana yetu hapa Makambako ilipata mashine ya kuchomelea ya waya na gesi. Niliupandisha moto wake hadi chuma kikawa kinatoka kwenye waya kama manyunyu, hakirushi cheche, mashine inavuma tu. Mshono wangu mezani ulilala laini, watu wakaja kuutazama. Nikaona hakuna wa kunifundisha tena. Nikang'oa kitufe cha kurekebishia moto nikakitia mfukoni, mtu asije akanivurugia.

Siku moja Ambilikile, mume wa dada yangu, akaleta trela lake. Chesi, ile fremu ya chuma inayobeba mzigo, ilikuwa imepasuka kwa chini, na kesho yake alitakiwa kushuka mlima Kitonga na shehena ya mbao. Nikalala chali chini ya trela, nikawasha. Chuma kikanidondokea kifuani. Nikajaribu tena, kikadondoka tena. Sikuelewa. Waya ni ule ule, mkono ni ule ule, mashine haijaguswa. Nikalaumu gesi, nikabadilisha mtungi. Nikalaumu kutu, nikasugua upya. Nikalaumu hata upepo, na milango tulikuwa tumeifunga. Mwishowe aibu ikanifanya nitende ubaya: nikarundika matone machache yaliyokubali kushika mpaka ufa ukafichika, nikasema kazi imekwisha.

Tumpale, wakati ule fundi mgeni kutoka Tukuyu, akaingia chini ya trela na nyundo. Akagonga mara moja. Rundo langu lote likaanguka sakafuni.

"Shemeji," akasema Ambilikile polepole, "ulitaka nishuke Kitonga na hiki?"

 Tumpale akaninyooshea mkono, akaomba kitufe.

"Moto wako mzuri, fundi, ila ni wa mezani," akasema. "Mezani hata uji unakaa, sahani iko chini yake. Huku juu ni darini, kinachoshika ni ugali."

Akausafisha ufa, akashusha moto. Mashine ikaacha kuvuma, ikaanza kutatarika kama bisi, sauti ile ile niliyokuwa nikiwachekea wanagenzi. Alikwenda kidogo kidogo, kila tone likiganda kabla halijapata nafasi ya kudondoka. Alipomaliza akanipa nyundo nigonge mwenyewe. Niligonga hadi mkono ukauma, na mshono haukutikisika.

Shemeji alishuka salama, wala nyumbani hakusema neno. Dada yangu hajui mpaka leo kwamba nilikaribia kumfanya mjane, si kwa uvivu, bali kwa uhodari wangu. Basi mkimsikia Tumpale tena, msicheke. Moto wa mezani haupandi darini.