Pelele na Ligi ya Wake wa Jogoo

Hapo zamani za kale, wala si kale hiyo mnayoifikiria, maana televisheni ilikwisha kuwepo, paliondokea mnyama mdogo jina lake Pelele. Mnamjua. Ndiye yule ambaye siku ya kugawa mikia aliona uvivu kwenda, akaagiza aletewe, na mpaka leo hana. Tangu hapo alijifunza kufuata chake mwenyewe.

Televisheni ilikuwa nyumbani kwa Tembo, na kila alasiri ilionyesha tamthilia iitwayo Wake wa Jogoo. Kwa tamthilia hiyo wanyama walikuwa hawasemi wala hawaambiwi. Wakaanzisha ligi. Tembo akamchagua Jogoo mwenyewe. Fisi akamchukua Bi Bata, mama mkwe mwenye maneno. Kiboko akamchukua Bi Kanga, mke mkubwa. Pelele akabakiziwa Njiwa, mtumishi wa ndani, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta chai na kutoka.

Mhusika wako akilia, unapata pointi moja. Akimzaba mtu kofi, mbili. Akizimia, tatu. Atakayeshika mkia mwisho wa msimu atawatekea wenzake maji kiangazi chote.

Msimu uliopita mkia aliushika Pelele, yeye asiye na mkia. Wewe huko nyuma usicheke, mwenzio alitoka kipara kwa kubeba mtungi. Na Kiboko analala mtoni, lakini alitaka maji aletewe mlangoni.

Tena hakushindwa kwa haki. Alishindwa kwenye mabishano. Hata msimu huu, siku moja tamthilia ilipokwisha tu, yakaanza.

"Njiwa kalia leo," akasema Pelele. "Alipokuwa anakata vitunguu, chozi lilimdondoka, to!"

"Hilo ni la kitunguu," akasema Fisi. "Halihesabiki."

"Na jana Bi Bata wako si alipaliwa na pilipili? Mbona mlimhesabia?"

"Yule alikuwa na uchungu wa moyoni. Wewe mambo ya moyoni utayaona wapi, na ufupi huo?"

Tembo na Kiboko wakamuunga mkono Fisi, maana wakubwa hubebana.

"Tumechoka na wabishi," akaendelea Fisi. "Kuanzia sasa, atakayedai pointi ambayo haikutokea, anafutiwa zote alizo nazo."

"Hata mkubwa?" akauliza Pelele.

"Hata mkubwa," wakajibu wote watatu, wakaangua kicheko, kwakwakwa, mpaka nyumba ikatikisika.

Nyuma yao kwenye televisheni, mtangazaji Kasuku alikuwa anatoa tangazo. Wakubwa hawakulisikia kwa kicheko chao. Pelele alilisikia neno kwa neno.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ananyonyesha mapacha wao wachanga.

"Baba Mapacha," mkewe akasema, "mwaka huu ukiteka maji tena, mimi na hawa tutakula nini? Nitawaacha na nani nikatafute majani? Naogopa."

"Sitateka. Kasuku katangaza kwamba kesho hakuna tamthilia. Kesho wanaonyesha mbio za konokono. Sehemu ya mwisho imesogezwa mpaka keshokutwa, na wakubwa hawana habari. Wewe nipikie tu."

"Nikupikie nini?"

"Kila kitu tulicho nacho."

Kesho yake Pelele akafika kwa Tembo na sufuria la wali wa nazi, maharage, mihogo, na supu ya mifupa kwa ajili ya Fisi. "Wakubwa zangu," akasema, "msimu unakwisha. Tule pamoja, tusahau mabishano."

Wakala, kapu kapu, mpaka sufuria likang'aa. Shibe ikawashika kabla hata televisheni haijawashwa. Kiboko akakoroma, khorroo. Tembo akapuliza mkonga, fyuuu. Fisi alilala na mfupa mdomoni. Pelele hakumwamsha mtu. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Akatazama konokono wake peke yake, taratibu.

Jua lilipokaribia kuzama, Tembo akashtuka. "Eh! Imekwisha?"

"Imekwisha," akasema Pelele, na kweli mbio zilikuwa zimekwisha. "Niliona kama mmefumba macho kidogo."

"Nani? Mimi nilikuwa nasikiliza," akasema Tembo. "Jogoo wangu kazimia. Kaanguka puu, nimemwona kwa macho yangu haya."

"Alizimia kwa sababu Bi Bata wangu alimzaba makofi," akadakia Fisi. "Paa, paa."

"Na Bi Kanga akalia tangu mwanzo mpaka mwisho," akasema Kiboko, akipiga miayo.

"Mnakubaliana?" akauliza Pelele.

"Sote ni mashahidi," wakasema.

"Mimi leo sidai kitu. Njiwa wangu sikumwona."

"Hakuonekana kabisa," akasema Fisi. "Basi mkia ni wako. Kesho uje na mtungi."

Pelele akaja alasiri, na mtungi, na mkewe, na mapacha mgongoni. Tembo akawasha televisheni kwa mazoea. Kasuku huyo.

"Watazamaji wetu," akasema Kasuku, "jana tuliwaletea mbio za konokono, kama tulivyotangaza. Sasa karibuni kwenye sehemu ya mwisho ya Wake wa Jogoo."

Masikio ya Tembo yakalegea. Fisi akatafuta pa kuangalia, akakosa. Hakuna aliyebisha, maana kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake.

Na katika sehemu hiyo Jogoo hakuzimia wala Bi Bata hakuinua bawa. Njiwa ndiye aliyeweka sinia chini, akamtazama Jogoo, akamzaba kofi, paa! Kisha akaaga.

"Mbili kwangu," akasema Pelele. "Na nyinyi mmefutiwa zote. Hata mkubwa, si mlisema wenyewe?"

Akauweka mtungi mbele yao. Mkewe, aliyekuwa hajacheka siku nyingi, alicheka mpaka mapacha wakaamka.

"Haya," akasema Kiboko kwa unyonge, "angalau mimi mto uko mlangoni pangu."

"Ni kweli, hutatembea mbali kuteka," akasema Pelele. "Lakini nyumba yangu iko juu ya jabali, shemeji, na maji nataka niletewe mlangoni."

Nami nimefika mlangoni pangu, wanangu, kwa hiyo shikeni hili moja: anayedai aliona wakati alilala, ataamshwa na aibu.