Kasuku Wala Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Atakayesinzia, zimwi litamjua kwa jina.

Hapo kale palikuwa na Mwanasha na mumewe Machano. Mwanasha alikuwa mjamzito, na mimba ile ikampa hamu ya udongo. Kila asubuhi hushuka ukingoni mwa mto kuchimba udongo mweupe, akafunga bonge kwenye pindo la kanga, akawa anatafuna kutwa.

Machano humcheka. "Mwenzangu, wewe ni mke au mchwa?"

Ng'ambo ya mto palikuwa na mti wa zimwi. Matunda yake yananukia, lakini aliyekula huanguka akalala, na zimwi likamla. Ila kasuku! Kijani mgongoni, manjano shingoni, wekundu mdomoni, wananing'inia kichwa chini, tunda wamelishika kwa mguu. Wanakula, hawalali.

Basi siku moja njaa ilimzidi Machano. Akavuka, akala tunda, akaanguka.

Mwanasha, akiwa ukingoni, akamwona anaanguka, akavuka mbio. Akalikuta zimwi linanoa meno kwa jiwe. Akalia, akaliomba, halikusikia. Akainua macho: kasuku wanakula, hawalali. Mara wakaruka wote, wakavuka mto, wakatua kwenye shimo analochimba udongo wake! Wakamega, wakameza, wakarudi mtini. Wanakula, hawalali. Mwanasha akapapasa bonge lililo pindoni.

"Bwana Zimwi," akasema, "nikila matunda matatu nisilale, utaniachia mume wangu?"

Zimwi likacheka hata majani yakapukutika. "Kula. Nitapata wawili na kitoto."

Mwanasha akafungua pindo, akatafuna udongo wake taratibu. Akala tunda la kwanza, hakulala. Akala la pili, hakulala. Akala la tatu, hakulala, akapangusa mdomo.

Zimwi likamaka kwa mshangao. Likadhani mti wake umeishiwa nguvu, likatia tunda kinywani lionje. Puu! Likaanguka, likabingirika mtoni, maji yakalichukua moja kwa moja. Kasuku wakapiga kelele bonde zima.

Basi Mwanasha akamtia mumewe udongo mdomoni. Machano akafumbua macho, akameza, akalamba midomo.

"Mke wangu, umebaki mwingine?"

"Mwenzangu," akasema Mwanasha, "wewe ni mume au mchwa?"

Hadithi yangu imevuka mto, imeishia hapo. Usimcheke mwenzako kwa hamu yake, huenda ndiyo itakayokuokoa.