Sajini Ochola Akagua Gwaride

Katika mtaa mzima wa Jericho hakuna ajuaye methali kumshinda bibi aliyeiandika hadithi hii. Alipokuwa darasa la saba alituzwa kalamu ya wino mbele ya wazazi wote kwa kuwa mshindi wa kwanza wa insha. Ni kweli kwamba washindani walikuwa wawili tu, na yule wa pili siku hiyo alikuwa kitandani akiugua surua. Lakini kalamu ni kalamu. Basi na asikizwe. Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maana yake ni kuwa binadamu ni hodari wa kuchungulia aibu ya jirani, ilhali yake mwenyewe ameikalia.

Mzee Ochola alijulikana kote kama Sajini. Alivaa bereti ya kijani masika na kiangazi, na mguu wake wa kushoto aliuburuta kidogo kwa sababu ya risasi ambayo, kwa masimulizi yake, ilimpata mpakani. Kila alipokunywa uji katika kibanda cha Wacuka, vita vile vilipiganwa upya, na maadui wakaongezeka kama siafu. Mjukuu wake, Jacklyne, alilelewa naye tangu mamake alipofariki. Watoto wenzake walibembelezwa kwa hadithi za sungura. Yeye alibembelezwa kwa mizinga. Haikuwa ajabu basi kwamba msichana huyo, ambaye sasa alikuwa kibarua wa kupakia sabuni katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, alikuwa na ndoto moja tu: kuvaa magwanda ya jeshi kama babu yake. Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Ukipita, umri ungemfungia lango, naye angebaki na sabuni hadi aote mvi.

Ndipo mtu aitwaye Munene akahamia mtaani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Kila alfajiri alikwenda uwanjani peke yake. Hakuwa na chuma cha kunyanyua wala mashine yoyote. Alijilaza kifudifudi na kuisukuma ardhi kama mtu anayetaka kuizamisha. Aliudaka mwamba wa goli, akajivuta hadi kidevu kikapita juu. Kisha aliruka kichura kuuzunguka uwanja wote bila kuhema. Vijana wakaanza kumwiga, mmoja mmoja, hata likawa kundi, na Jacklyne akawa mstari wa mbele. Munene aliwaambia kuwa amestaafu jeshini, na kwamba mwili wa mtu ndio chuma chake, haumgharimu chochote. Naye hakuwadai chochote.

"Bure!" alinung'unika Sajini huku akichungulia kutoka nyuma ya kibanda cha uji. "Wacuka, katika Nairobi hii hata hewa ya gurudumu ina mwenyewe. Mtu akiwapa watoto wa wenzake kitu bure, mtazame mikono."

"Nimemtazama mikono," alijibu Wacuka, mjane asiyekuwa na haraka ya kumaliza kutazama. "Na mabega pia."

"Huyo si mwanajeshi. Ona alivyokunja mikono ya shati, kama konda! Suruali ina mistari miwili ya pasi. Na kola ile haijawahi kuonja wanga."

"Sajini, unamkagua mtu au nguo?"

"Jeshi ni nguo, Wacuka!"

Uwanjani vijana walikuwa wakitambaa kwa mikono na miguu, makalio juu kama milima, huku Munene akiwaambia kwa upole wayashushe. Mmoja wao aliyesimama kuomba maji alieleza kuwa huo ndio mwendo wa dubu.

"Dubu tumemwonea wapi sisi?" akasema Wacuka. "Hao ni nyani waliokosa mahindi."

Tangu siku hiyo Sajini hakulala usingizi mzuri. Mkufunzi gani wa jeshi hatukani? Mkufunzi gani huwaambia makurutu "pumzikeni, ndugu zangu"? Na kwa nini awafundishe vijana kuparamia kuta? Alimnong'oneza jirani mmoja, tena akamwapisha asiseme. Neno lile lilitoka kwake likiwa shaka, likafika sokoni likiwa habari, likarudi nyumbani likiwa limeota pembe: Munene anaandaa genge la wezi. Akina mama wakawafungia vijana wao ndani. Mstari uwanjani ukapungua kama sabuni iliyosahauliwa majini. Hatimaye Sajini akamkataza Jacklyne.

"Babu, usajili umekaribia," Jacklyne alimsihi. "Nikikosa sasa, basi tena."

"Nitakufundisha mimi. Mimi si Sajini?"

Jacklyne alifurahi, akaamka kabla ya jogoo. Asubuhi ya kwanza Sajini alimfundisha kukunja blanketi hadi pembe zikaweza kukata mkate. Asubuhi iliyofuata alimfundisha kupiga shati pasi, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Siku ya tatu Jacklyne aliiweka pasi chini.

"Babu, na pushapu je? Au adui tutampiga pasi?"

"Subira, mjukuu wangu. Mambo ya jeshi yana hatua."

Mikono ya Jacklyne ilinuka sabuni ya kiwandani, harufu isiyotoka hata akiiosha. "Babu, twende uwanjani," akasema. "Mhoji Munene mbele ya watu. Ukimfichua, nitarudi kiwandani na sitalitaja jeshi tena maishani. Lakini ukishindwa, uniachie njia."

Sajini alikubali papo hapo. Alijua kuliko mtu yeyote mtaani jinsi ilivyo rahisi mtu kujiita mwanajeshi, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Wazazi walikuja kuhakikisha, na wasio na watoto walikuja kuburudika. Sajini alifika na bereti yake, fimbo kwapani, miwani akiwa ameiacha nyumbani kwa kuwa aliona haifanani na vita. Alimkuta Munene kando ya uwanja, mbele ya kibanda cha gesi cha Naftaly, ambacho mlango wake ulipakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba ya simu kwa tarakimu nene, ili hata mlevi aweze kuagiza.

"Wewe!" Sajini alinguruma. "Unasema ulikuwa jeshini?"

"Ndiyo, Afande," alijibu Munene.

"Mwanajeshi anaweza kusahau jina la mkewe, lakini namba yake ya jeshi haisahau hata akizikwa. Taja yako!"

Jacklyne alikunja ngumi hadi vidole vikawa vyeupe. Munene aligonganisha visigino, akatoa kifua, na namba ikamtoka yote kwa mkupuo mmoja, kama chafya. Hata pumzi hakuvuta.

"Wah! Huyo ni yeye!" kijana mmoja akapaza sauti. "Mathee, umesikia?" Mama yake, aliyekuwa amemshika shati tangu wafike, akamwachilia.

Munene hakucheka wala hakujigamba. Alimpigia Sajini saluti. "Desturi yetu unaijua, Afande," alisema kwa heshima isiyo na hila. "Aliyetajiwa naye hutaja. Tafadhali, nasi tuisikie yako."

Bereti ilimlemea Sajini ghafla kama sufuria ya githeri. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Munene, yakang'ang'ania mahali, na kidevu kikainuka.

"Saba," akaanza. "Mbili... moja..." Alikodoa macho. Alisogea hatua mbele. "Tano... Halafu... nane." Akasita. "Au ni tatu?"

Jacklyne aligeuka polepole, akatazama alikotazama babu yake. Umati mzima ukageuka naye.

"Ni nane, Sajini," Naftaly alijibu kutoka ndani ya kibanda, kichwa chake kikichomoza juu ya tarakimu zake. "Unataka mtungi mkubwa au mdogo?"

Kicheko kilichozuka kiliwarusha njiwa kutoka paa la soko. Jacklyne peke yake hakucheka. "Kumbe blanketi," alisema taratibu. "Kumbe kola kwanza, kisha mabega. Babu, kambini ulikuwa nani?"

Mzee Ochola alitazama chini. "Dobi," alisema. "Lakini dobi mzuri."

Jacklyne alimsogelea, akamnyoshea bereti iliyokuwa imelala sikioni, kisha akampita. Alikwenda mstari wa mbele, akajilaza kifudifudi, akaanza kuisukuma ardhi. Nyuma yake vijana waliokuwa wamefungiwa wakajipanga, na mara hii hakuna mzazi aliyewashika.

"Namba ni kitu cha kusahaulika!" Mzee Ochola alifoka akiondoka, maana mwenye bereti hafi kimya. "Lakini risasi ya mguuni ni ya kweli! Hiyo hakuna wa kunipokonya!" Akaenda zake akichechemea kwa uchungu mkubwa, akiuburuta mguu nyuma yake.

Wacuka aliiacha kata ndani ya sufuria ya uji, akashika kiuno.

"Sajini!" akamwita, uwanja wote ukisikia. "Leo risasi imehamia mguu wa kulia?"

Mzee Ochola alisimama. Aliutazama mguu wa kulia, akautazama wa kushoto, asijue ni upi wa kutangulia. Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.