Mghoi, Tulia na Kamba Iliyopakwa Mafuta

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na mama!

Na mama alikuwa na nini?

Alikuwa na usingizi!

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni akae karibu na mlango, akilia atoke naye. Mwenye kusinzia asinzie, sitamlaumu. Hadithi yenyewe ni ya kusinzia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipiga hodi kama watu, katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mama jina lake Mghoi. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu. Alizaa watoto saba, akalea saba, wakaoa na kuolewa wote saba. Akabaki yeye, vyungu vyake na shamba lake la mahindi.

Mwaka mmoja nyani walishuka kutoka msituni, wakala shamba lote. Hawakumwachia hata bua la kutafuna. Mghoi akapitisha mwaka mzima akiomba unga kwa mke wa mwanawe. Nanyi mnajua kuomba unga kwa mke wa mwanao. Unga unapewa, na maneno unapewa.

Akasema, "Mwaka huu nyani hawanilii mahindi tena. Nitafuga mbwa."

Akaenda kwa kaka yake ng'ambo ya mto, ambako mbwa alikuwa amezaa. Akachagua mmoja, mweusi, miguu myeupe, masikio makubwa kuliko kichwa.

Kaka yake akamwambia, "Dada, huyo ana fujo."

Mghoi akacheka. "Nimelea saba wa miguu miwili. Huyu mmoja mwenye mkia ndiye atakayenishinda?"

Akampa jina Tulia. Akasema jina ni dua.

Wanangu, dua nyingine huchelewa kufika.

Tulia alipofika nyumbani alikojoa jikoni. Kisha akakojoa mlangoni. Kisha akaangalia pahali palipobaki, akakojoa na hapo. Akatafuna kiatu, akatafuna ufagio, akatafuna mguu wa kigoda Mghoi akiwa amekikalia. Vyungu vibichi vilivyoanikwa juani alivipitia katikati, pu! pu! pu! vikabaki udongo. Na Mghoi nyuma yake, mwiko mkononi, anakimbia na kupiga kelele. Nisaidieni kuita:

"Tulia, acha!" Hakuacha.

"Tulia, toka!" Hakutoka.

"Tulia, rudi!" Hakurudi.

Ikawa hivyo tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Mghoi akifumba macho kidogo tu, anavutwa nguo. Mwezi ukaisha hajalala usingizi wa kutosha hata jogoo. Akawa anatia chumvi kwenye maji ya kuoga na kusahau kuitia kwenye mboga. Na mahindi shambani yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Siku ya kwanza akamwendea Kuku, jirani yake wa nyuma ya nyumba.

"Kuku, mwenzangu, una watoto kumi na wawili na bado unapata nafasi ya kuoga vumbi. Unafanyaje?"

Kuku akajitikisa. "Shoga, mimi nawafunika kwa tenga. Mtoto akifunikwa, giza linamwambia alale."

Mghoi akachukua tenga, akamfunika Tulia. Kimya. Akatabasamu, akakaa, akanyoosha miguu.

Tenga likasimama. Likaota miguu minne myeupe. Likaondoka mbio, likapita kwenye vyungu, pu! pu! likaingia kwenye banda la Kuku na kutawanya vifaranga wote kumi na wawili.

"Shoga!" Kuku akapiga kelele kutoka juu ya paa. "Nilisema umfunike, sikusema uniletee!"

Mghoi akafukuza tenga mpaka jioni.

Siku ya pili akamwendea Punda, aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni.

"Punda, ndugu yangu, nimechoka. Nifanyeje na mtoto huyu?"

Punda akapumua. "Dada, mchoshe. Mimi tangu nianze kubebeshwa mizigo sijamwona punda aliyechoka akafanya fujo. Mtembeze. Mpandishe mlima, mteremshe mlima."

Mghoi akampandisha Tulia mlima, akamteremsha. Akampandisha tena, akamteremsha tena. Mara ya tatu, Mghoi alipanda kwa mikono na magoti. Walipofika nyumbani Tulia akalala, akavuta pumzi moja, mbili, tatu, akaamka mpya kabisa kama mtu aliyezaliwa asubuhi ile. Mghoi miguu ilikuwa imevimba kama vibuyu.

Siku ya tatu akamwendea Mbuzi.

Mbuzi alikuwa anatafuna. Akamaliza kwanza kutafuna, ndipo akajibu. "Bibi wee, na kamba je? Kamba ndiyo heshima ya mnyama. Mimi ninavyoonekana nina adabu, unadhani ni adabu? Ni kamba."

Mghoi akaona hilo lina maana. Akasokota kamba ya mkonge, mpya, imara. Lakini mkonge unakwaruza, na shingo ya Tulia ilikuwa laini. Basi Mghoi, ambaye hapendi kusema kuwa ana huruma, akachukua mafuta ya kondoo aliyoyahifadhi, akaipaka kamba yote ili ilainike. Akamfunga Tulia kwenye nguzo ya ghala, akaenda kukanda udongo.

Kukawa kimya. Kimya kizuri. Mghoi akajisemea, "Lo, Mbuzi ana akili."

Aliporudi, Tulia alikuwa amekaa huru kando ya nguzo, anajilamba midomo. Kamba haipo. Mghoi akatafuta fundo, hata fundo halipo. Nani asiyependa mafuta ya kondoo?

Mghoi akakaa chini. Hakupiga kelele. Machozi mawili yakamtoka, moja kila jicho, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na udongo.

Wakati huohuo ikasikika sauti nyuma ya ua. "Hodi jirani! Hodi dada yangu wa damu!"

Alikuwa Fisi. Jua lilikuwa linazama, naye alikuwa amejipangusa uso na kutembea kwa adabu kama mposaji.

"Karibu," akasema Mghoi. "Lakini tangu lini mimi na wewe tukawa wa damu moja?"

"Ah, jirani akichoka, mimi nami nachoka," akasema Fisi. "Nimekuona ukipanda mlima mara tatu. Nikasema, huyu mama atakufa. Nipe mtoto nimlee. Siku tatu tu. Mimi nimelea wengi."

"Mbona sijawahi kuwaona?"

"Walitulia sana," akasema Fisi.

Mghoi angekuwa amelala usiku mmoja tu, angeusikia ubaya wa neno lile. Lakini uchovu huziba masikio. Akasema, "Sawa. Mchukue."

Fisi akataka kucheka, akajizuia. Kisha akakumbuka kitu. Mwaka uliopita alichukua kondoo wa watu, akapigiwa mwano, ile kelele ya kuita watu, kijiji kizima kikamfukuza kwa mawe na pembe mpaka mto wa pili. Akasema, "Ila mimi nataka haki, jirani. Desturi yenu naijua. Mnyama hatoki kwa mwenyewe bila kamba aliyofungwa nayo, na anayemchukua mnyama bila kamba yake ni mwizi. Basi kesho, kivuli cha ghala kikifika kwenye kinu, unipe kamba yake mkononi, Kuku na Mbuzi wakiona. Kabla sijaishika kamba hiyo, simgusi hata unyoya. Naapa."

"Nami naapa," akasema Mghoi, macho yanafumba yenyewe.

Kuku akasikia kutoka kwenye paa. Mbuzi akasikia kutoka kwenye nguzo yake.

Kesho yake Mghoi akaamka na neno moja moyoni: leo anaondoka. Tulia akachukua ufagio. Mghoi akamtazama. Leo anaondoka, ya nini kumkimbiza? Tulia akaangusha chungu, pu! Mghoi akasema, "Kimoja tu? Endelea." Akatandika jamvi kwenye kivuli cha ghala, akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Tulia akaja na ufagio mdomoni, akasimama nao mbele yake. Anangoja kelele. Kelele hazikuja.

Akamvuta nguo mara moja. Mghoi hakusema "Tulia, acha."

Akamvuta mara ya pili. Mghoi hakusema "Tulia, toka."

Akaondoka mbio mpaka uani, akasimama, akageuka kutazama kama anafuatwa. Mghoi hakusema "Tulia, rudi." Alikuwa anakoroma.

Tulia akasimama pale peke yake. Mchezo ulikuwa umekwisha. Akarudi polepole, akazunguka mara tatu, akajibwaga juu ya miguu ya Mghoi, akalala fofofo.

Wakalala asubuhi ile, wakalala mchana ule. Inzi akaja, akaona hakuna wa kumsumbua, akaenda zake.

Mghoi alipofumbua macho, kichwa kilikuwa chepesi kama kibuyu kilichokauka. Akataka kuinuka, akaona miguu mizito. Akatazama. Masikio makubwa, tumbo linapanda na kushuka.

Akasema polepole, "Kumbe. Mwezi mzima mimi nakimbia, wewe unadhani tunacheza. Kumbe wewe hukuwa unakimbia. Nilikuwa nakukimbiza."

Kisha akatazama kivuli cha ghala. Kimebakiza kiganja kimoja kufika kwenye kinu.

Sasa masikio yake yalikuwa yamezibuka, akasikia tena maneno ya jana: "Walitulia sana." Akawaza mahindi yanayokomaa. Akawaza unga wa mke wa mwanawe. Akautazama mguu mweupe uliokuwa ukipigapiga usingizini, huruma ikamshika, ila hilo hakulisema. Lakini kiapo ni kiapo, na mashahidi wapo.

"Hodi!" Fisi huyo, amefika kabla ya kivuli. "Yuko wapi mwanangu?"

"Kaa, ungoje kivuli," akasema Mghoi.

Fisi akakaa. Mate yakamdondoka, akasema ni joto. Kuku akashuka kutoka kwenye paa. Mbuzi akaacha kutafuna. Kivuli kikagusa kinu.

"Haya jirani, desturi. Kamba," akasema Fisi, akanyoosha mkono.

Mghoi akafungua mdomo aseme buriani, akaufunga. Kamba! Akaitazama nguzo ya ghala. Akamtazama Tulia. Akaanza kucheka, mabega yakamtikisika.

"Kamba ipo," akasema. "Iko humu humu uani."

"Ilete."

"Siwezi kuileta. Imo tumboni mwake."

Fisi akakodoa macho. "Alikula kamba?"

"Yote. Na fundo."

"Basi nipe nyingine!"

Mbuzi akakohoa. "Aa, hapana mzee. Ulisema mwenyewe, kamba aliyofungwa nayo. Mimi nilikuwepo."

"Nami nilikuwepo," akasema Kuku. "Ulisema humgusi hata unyoya. Ingawa mbwa hana unyoya, nilikusikia vizuri."

Fisi akashindwa kujizuia. "Haidhuru! Iko tumboni, nitaitoa mwenyewe!"

"Utaitoaje?" akauliza Kuku.

Fisi akafumba mdomo haraka, meno bado yako nje. Kila mmoja akamtazama meno. Hata Tulia akaamka, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasimama wima pasipo kutikisa mkia, akabweka. Hau!

"Sauti anayo," akasema Mghoi kwa furaha. "Sikiliza, dada yako wa damu nakwambia. Kilichoingia tumboni hutoka. Kamba ikitoka, popote itakapotoka, iokote, uishike mkononi, uje tumalizane. Ukimgusa kabla ya hapo, napiga mwano, na mawe ya mwaka jana bado yapo pale mtoni."

Fisi akaondoka, mkia chini, akaanza kunusa nyuma ya nyumba.

Kamba ilitoka lini? Mimi sijui. Hiyo si kazi ya kuuliza mama mwenye vyungu vya kufinyanga. Ninachojua ni kuwa Mbuzi alikuwa amefunguliwa kamba siku zile, akipita huku na huku, na Mbuzi hachagui cha kutafuna.

Tangu siku ile Mghoi alilala kila mchana, Tulia miguuni pake. Fujo haikuisha, nisiwadanganye. Aliendelea kula viatu. Ila ilikuwa fujo ya kiasi, yenye mapumziko, na mtu aliyelala huweza kuicheka fujo.

Mahindi yakakomaa. Nyani wakashuka, mkubwa wao mbele, akipiga kifua. "Mama Mghoi! Tumekuja kwa ile karamu yetu ya kila mwaka!"

Mghoi alikuwa anakanda udongo. Hata hakusimama. Akasema, "Tulia, haya."

Basi Tulia akaondoka. Mbio zile zile zilizovunja vyungu, meno yale yale yaliyokula kamba. Akapanda mlima, akateremka mlima, akapanda tena. Nyani waliruka juu ya miti na kuomba radhi kwa lugha zote. Mwaka ule Mghoi alijaza ghala, akampelekea mke wa mwanawe unga kapu zima, na maneno hakumpelekea.

Na Fisi? Hadi leo bado anaitafuta kamba. Ndiyo maana mkimwona anapita nyuma ya nyumba za watu, pua chini, ananusa kila jalala na kila kinyesi. Mwacheni atafute.

Basi wanangu, hadithi inatufundisha hivi: mlezi aliyechoka asigawe mtoto, alale kwanza, ndipo aamue. Na mtoto hatulizwi kwa makelele. Hujifunza utulivu kwa aliyetulia.

Hadithi yangu nimeianika hapa. Ikikauka, ichukueni mkapikie. Ikivunjwa na mbwa, msinipigie kelele, mimi nakwenda kulala.